Neno lenye herufi tatu na maana 645

Nafundisha tuisheni ya Kiingereza kwa watoto wa kidato cha kwanza na cha pili, na kama kuna kitu nimekishika kwenye hii kazi ni kwamba maneno magumu ya Kiingereza sio yale marefu. Mtoto ukimpa photosynthesis anaishika siku hiyo hiyo, kesho ukimuuliza anakujibu bila kusita, ticha hiyo ni usanisinuru, mmea unajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, imeisha hiyo. Neno refu kama lile lina kazi moja tu duniani, ukishaijua umemaliza. Shida ipo kwenye vineno vidogo, get, set, take, put, go, na huyu mkubwa wao ambaye leo nataka nimuongelee kwa kirefu, run.

Kila mtu anajua run ni kukimbia. Tumefundishwa hivyo tangu shule ya msingi, kuna picha ya mtoto kavaa kaptula anatimua mbio na chini yake pameandikwa run, basi, tukasonga mbele. Halafu mtoto anafika kidato cha kwanza ambako karibu masomo yote ukitoa Kiswahili yanageuka Kiingereza kwa mpigo, anapewa kozi ya wiki chache ya kumuandaa na baada ya hapo ni kazi kazi. Sasa kuna binti mmoja aliniletea madaftari yake nimsaidie, yote aliyokuwa nayo kwenye begi, na ana tabia nzuri sana ya kuandika maana ya neno kwa penseli juu ya mstari, herufi ndogo ndogo zimepangika vizuri. Nikaanza kufungua. Jiografia: the Rift Valley runs from north to south, juu yake kwa penseli, "linakimbia". Kemia, ile mada ya mwanzoni ya usalama wa maabara, ukiungua weka mkono kwenye running water, juu yake, "maji ya kukimbia". Baiolojia kulikuwa na runners za mmea, ameandika "wakimbiaji". Biashara kulikuwa na running expenses, hapo naona alishaanza kuchoka maana aliandika "gharama za mbio" akaweka alama ya kuuliza. Uraia, run for president, "kumkimbilia rais".

Akaniuliza, "Ticha, bonde linakimbiaje?"

Hilo ni swali la mtu anayefikiri, na nasema hivi kwa sababu nasikia sana watu wazima wakilalamika kwamba watoto wa siku hizi hawajui Kiingereza, wavivu, hawasomi. Yule binti alikuwa amesoma, tena kwa bidii, kamusi ya mfukoni ilimwambia run ni kimbia na yeye akaitumia kwa uaminifu kwenye masomo matano. Tulichompa ndicho kilikuwa kidogo.

Nikasema ngoja nimuonyeshe kwamba hili neno limewatoa jasho hata wenyewe. Kamusi kubwa kuliko zote za Kiingereza ni ile ya Oxford, na historia yake ni ndefu kweli kweli. Mwaka 1879 mhariri wake James Murray alitoa tangazo la kuomba wasomaji wa kawaida popote walipo wasome vitabu, wakikuta neno limetumika vizuri wainakili sentensi kwenye kikaratasi na kumtumia. Vikaratasi vikamiminika kwa mamilioni. Murray alikuwa anafanyia kazi kwenye banda la mabati alilolijenga kwenye eneo la nyumba yake, kuta zimejaa vijisanduku vya kupangia vikaratasi kwa alfabeti. Mpango ulikuwa kazi yote iishe kwa miaka 10. Ikapita mitano, sehemu ya kwanza ikatoka 1884, na ilikuwa imefika kwenye neno ant, yaani sisimizi! Bado wako herufi A. Murray akafariki 1915 kazi haijaisha, na kamusi ikakamilika 1928.

Toleo la pili lilitoka 1989, vitabu 20, na humo neno lililokuwa na maelezo marefu kuliko yote lilikuwa set, maana 430, maneno kama elfu 60 ya kuelezea neno moja la herufi tatu. Halafu wakaanza kupitia upya kamusi nzima, na zamu ya run ilipofika akakabidhiwa mhariri mmoja anaitwa Peter Gilliver. Alikaa na neno hilo zaidi ya miezi tisa. Miezi tisa, mtu mzima, msomi, anaamka asubuhi anaenda ofisini kushughulika na run. Mwaka 2011 matokeo yakajulikana: run kama kitenzi peke yake ina maana 645, hapo hujagusa run ya nomino, na ubingwa ambao zamani ulikuwa wa set ukahamia kwa run. Nilipomwambia yule binti hiyo namba alicheka, akashusha mabega, nikaona kabisa ameacha kujiona mjinga.

Sasa mtu atasema, maana 645 nani atazikariri. Hakuna, na Mwingereza mwenyewe hazikariri. Yeye ana picha moja kichwani na zingine zote anazitoa humo, na picha yenyewe haina uhusiano sana na miguu. Hapa ndipo napenda kukaa.

Kiingereza cha zamani kabisa kilikuwa na maneno kama rinnan na irnan, na yalitumika kwa mtu anayekimbia na pia kwa maji yanayotiririka, vyote viwili. Wajerumani ambao lugha yao ni ndugu ya Kiingereza wamebaki navyo vimegawanyika, rinnen ni kutiririka na rennen ni kukimbia. Kwa hiyo ndani ya run tangu mwanzo kuna maji. Kuna kitu kinachokwenda mfululizo bila kukatika, kinafuata njia yake. Ukishakubali hilo sehemu kubwa ya neno inafunguka yenyewe. Bomba linarun, pua inarun, machozi yanarun shavuni, rangi ya kitenge inarun ukikifua mara ya kwanza. Kiswahili kila kimoja kina neno lake: maji yanatiririka, kamasi zinachuruzika, machozi yanabubujika, rangi inachuja. Sisi tumetofautisha namna kimiminika kinavyotoka, wao wameangalia tu kwamba kinakwenda. Na kwa ile running water ya kemia sikuhitaji hata kufikiri, wote tunakumbuka 2020 wakati wa korona, kila mlango wa duka ndoo ya koki na kila tangazo redioni, nawa kwa sabuni na maji tiririka. Sijui kama kuna tafsiri nzuri kuliko hiyo, haisemi maji "yanayotiririka", inasema maji tiririka, maneno mawili, umemaliza.

Kutoka kwenye maji nenda kwenye mto, mto unarun kutoka mlimani mpaka baharini. Hapo mto kweli unatembea. Ila mto una njia yake, na njia ikishafananishwa na mto nayo inaanza kurun hata kama imelala. Mfano ninaoupenda darasani ni TAZARA. The railway runs from Dar es Salaam to Kapiri Mposhi. Reli ile ina kilomita 1,860, ilijengwa miaka ya 70 na haijasogea hata hatua moja tangu ilazwe pale. Lakini jicho lako ukilifuatisha kwenye ramani linatoka Dar, linapita Kidatu huko, Mbeya, Tunduma, linaingia Zambia, ndilo linalokimbia. Halafu unasema tena the trains run twice a week, sasa hapo ni treni, zinafanya safari. Reli inarun, treni inarun juu ya reli inayorun, na ni run mbili tofauti! Na bonde la ufa la yule binti ni run ya reli, limelala kutoka kaskazini kwenda kusini, au linapita, au linaanzia hapa linaishia pale, Kiswahili hakina haja ya kulikimbiza.

Wale runners wa baiolojia ni hivyo hivyo, ni shina linalotambaa juu ya ardhi, kila likigusa udongo linatoa mizizi, mche mpya, linaendelea. Mwendo mfululizo.

Alafu zikaja mashine, na nadhani hapa ndipo run ilipoipita set. Set ni neno la kuweka kitu mahali kikatulia. Kuanzia enzi za mvuke dunia ikajaa vitu visivyotulia, injini, viwanda, ratiba za treni, baadaye kompyuta na programu zake, vyote hivyo Kiingereza kinasema vinarun. Injini inarun maana yake haijazimwa, hata kama gari limesimama, fundi wa huku anakwambia liache silensa. Na kama mashine inarun basi kuna mtu anayeirun, na hapo ndipo tunapata kurun kiwanda, kurun duka, kurun shule, kurun nchi. Ndio maana running expenses ni gharama za uendeshaji, umeme, kodi ya pango, mishahara, zile za kila mwezi ambazo usipolipa biashara inazima.

Nisimame kidogo kwenye endesha maana ni neno ambalo limefanya safari karibu ile ile. Endesha imetoka kwenye enda, kufanya kitu kiende. Unaendesha gari, baiskeli, ofisi, kikao, mafunzo. Na mtu akiwa na tumbo bovu tunasema anaendesha. Waingereza wenyewe wakiharisha wanasema wana the runs. Hakuna aliyemwiga mwenzake hapo, lugha mbili zisizo na undugu wowote zimetazama jambo moja la mwili na kusema neno lile lile, na mimi jambo hilo linanifurahisha kweli. Na Afrika Mashariki tukatengeneza ya kwetu, running stomach, utaisikia Dodoma, Kampala, Nakuru, daktari anaielewa na mgonjwa anaielewa. Kuna watu wanawakosoa wanaosema running stomach eti Kiingereza kibovu kwa vile Uingereza haisemwi hivyo. Mimi simkosoi mtoto, namwambia tu kwamba ukienda kwao wanasema upset stomach, basi, uwe nazo zote mbili mfukoni. Pua inarun kwa Kiingereza safi kabisa, kwanini tumbo lisirun.

Twende kwenye siasa kwa sababu hapa kuna kitu kizuri mno. Mmarekani anayetaka urais anarun. Mwingereza anayetaka ubunge anasimama, kwao wanasema stand for Parliament. Sisi tunagombea, na gombea inatoka kwenye gomba, ugomvi. Jambo ni lile lile, kuomba kura, huyu kakimbia, yule kasimama, sisi tumeshikana mashati. Ukitazama Marekani run yao imechukua lugha ya mashindano ya farasi karibu yote. Running mate alianza kama farasi anayekimbizwa pamoja na farasi mwingine wa zizi moja ili kumsaidia kwenye kasi, leo ni mgombea mwenza. Hilo jina la kwetu nalipenda, mwenza, mtu mlioshikana. Mama Samia alikuwa mgombea mwenza 2015 na 2020, na Machi 2021 tukaona wote kwamba hicho cheo sio cha kukamilisha karatasi ya kura. Front-runner, anayepewa nafasi kubwa ya kushinda. Runner-up, mshindi wa pili. Also-ran, aliyeshiriki tu na hakuna anayemkumbuka.

Na kwa front-runner ninae mtu wangu wa kuonyesha. Filbert Bayi. Februari 1974 kule Christchurch, New Zealand, mashindano ya Jumuiya ya Madola, mita 1500, mlio wa bastola tu katoka mbele na akabaki mbele mpaka mwisho, 3:32.16, rekodi ya dunia. Wakati ule wakimbiaji wengi wa masafa yale walikuwa wanajificha nyuma wanasubiri mzunguko wa mwisho ndio wachomoke, Bayi alikuwa anaongoza tangu mwanzo, anayetaka amfuate. Kwenye riadha mtu wa namna hiyo ndiye wanayemwita front-runner, na wanafunzi wakishaiona ile picha ya Bayi peke yake mbele, wakikuta front-runner kwenye gazeti la uchaguzi hawana shida.

Lakini kuna eneo ambalo picha hii ya mwendo haitoshi, nalo ni vile viambatanisho, out, into, over, down, up. Hapa hata watu waliomaliza chuo wanajikwaa, na mimi ndio napatumia muda mwingi. Run out of sugar hakuna aliyetoka mbio na sukari. Run into a friend hamjaumizana. Run over inaweza kuwa kugongwa na gari, inaweza kuwa kikao kimepitiliza muda, inaweza kuwa chungu kimefurika, na ukisema let me run over it unapitia notisi zako haraka haraka kabla ya mtihani. Run down ni betri imekwisha, au mtu amedhoofu, au nyumba imechakaa, au unamsema mtu vibaya. Run up a bill ni kulimbikiza deni. Let me run it by you, ngoja nikushirikishe nisikie unasemaje. Ukimuuliza Mwingereza kwanini out hapo inaleta maana ya kuishiwa atakodoa macho, yeye alizaliwa nayo.

Sisi kazi hiyo tunaifanya mkiani mwa kitenzi. Hili ndilo jambo ninalotaka kila mwalimu wa Kiingereza alichukue kwa uzito, kwa sababu tukilianzia huku mtoto anaona kwamba na yeye ana mashine ya namna hiyo kichwani na anaitumia kila siku bila kufundishwa na mtu. Chukua isha. Sukari imeisha. Sukari imeishia hapa. Tumeishiwa sukari. Umeona, tumeishiwa, run out of ya Waingereza yote iko kwenye ule mkia. Chukua pita: nimepita, nimepitia notisi, nimepitisha hoja, kikao kimepitiliza, amenipitia nyumbani. Na kimbia yenyewe, ambayo tulidhani ni neno dogo la picha ya kaptula, tazama inavyozaa: kimbilia ni kwenda mbio kutafuta msaada, kimbilio ni pale unapopata msaada huo, kimbiza ni kumfukuza mtu au kubeba Mwenge wa Uhuru mkoa kwa mkoa, kimbizana ni watoto uwanjani, na mkimbizi ni mtu aliyeacha nyumba yake na kila kitu kwa sababu ya vita. Ukimwambia mtu wa Kigoma neno mkimbizi hafikirii riadha hata kidogo, anafikiria mahema ya Nyarugusu.

Kwa hiyo mwanafunzi akinilalamikia kwamba Kiingereza kinachanganya neno moja maana mia, nampa piga. Namwambia andika zote unazozijua. Piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga picha, piga kura, piga deki, piga magoti, piga chafya, piga miayo, piga hodi, piga mnada, piga ramli, piga rangi, piga hesabu, piga kambi, piga mbizi, piga chenga, piga debe, piga stori, piga marufuku, piga dili. Darasa linalipuka, kila mmoja anaongeza yake, na mara zote kuna mmoja anapiga kelele kutoka nyuma, piga mbio! Hiyo hapo, hata run yenyewe tunaipiga. Sasa mfikirie Mjerumani au Mkorea aliyekuja kujifunza Kiswahili, kamusi imemwambia piga ni kumchapa mtu, halafu jirani anamwambia kwa upole, njoo nikupige picha. Na hata hapo kuna mantiki, piga ni kitendo cha mara moja au cha kurudiarudia chenye nguvu kidogo, mkono unafanya kitu kikatokea, ila hakuna aliyetukalisha chini akatueleza hivyo, tuliisikia ikiwa na majirani zake, pasi, mswaki, hodi, tukaichukua pamoja nao.

Hilo la majirani ndilo naendeshea darasa langu. Marufuku kuandika run peke yake kwenye daftari la misamiati. Ukiikuta unaiandika na neno lililo kushoto na lililo kulia: run a business, run late, run a temperature, in the long run. Ukiandika hivyo run late haiwezi kuwa kukimbia umechelewa, ni umechelewa tu, hata kama umekaa kwenye mwendokasi umebanwa na watu huwezi kunyanyua mguu. Run a temperature ni mwili unachemka. In the long run ni mwisho wa siku, huko mbele. A two-year contract runs until December, mkataba unaendelea mpaka Desemba. Gazeti linarun habari, linaichapisha. Chicken run, na hii inawachekesha sana, ni ule ua wa waya wa kuku kutembeatembea. Wakishakuwa na kurasa kama mbili za namna hii wanaanza kukisia wenyewe na wanapatia, hapo ndipo najua wameipata ile picha.

Kuna moja niliwapa kidato cha pili kama jaribio, bank run. Sikuwaambia chochote. Mmoja akasema benki imekimbia na hela za watu, ambayo kusema ukweli ni jibu la mtu anayesoma habari. Mwingine akasema ni kuendesha benki. Binti mmoja mkimya akasema, watu wamekimbilia benki. Ndiyo hiyo hiyo! Watu wakisikia benki inayumba wote wanakwenda kutoa pesa kwa wakati mmoja, na benki hata ikiwa nzima haiwezi kumpa kila mtu pesa yake siku moja kwa sababu nyingi imeshazikopesha, kwa hiyo ule woga wenyewe ndio unaoiangusha. Uingereza 2007 watu walipanga foleni nje ya matawi ya Northern Rock. Ila Marekani Machi 2023, benki ya Silicon Valley, wateja walijaribu kutoa dola bilioni 42 ndani ya siku moja na wengi wao hawakunyanyuka kwenye kiti, ilikuwa ni simu na kompyuta, kesho yake benki ikafungwa. Hapo pesa ndizo zilizotiririka nje, run imerudi kwenye maji yake ya zamani.

Nimalizie na run iliyohamia kwetu, maana imehamia na naona watu hawaiongelei. Sikiliza vijana wanavyoongea: hii programu inarun vizuri, jamaa anarun ile peji ya udaku, dada anarun biashara zake kimya kimya, nimerun ile code ya kompyuta ikagoma. Hakuna anayesema "narun dukani naleta chumvi", haipo, miguu tumewaachia kimbia na piga mbio. Kiswahili kimechukua zile maana za mashine na usimamizi tu, zingine kimeziacha mlangoni. Wazee wanauliza, mbona endesha ipo? Ipo na ni nzuri, lakini endesha inataka mwendeshaji, lazima awepo mtu nyuma yake. Programu ukishaiwasha inajiendea yenyewe, huwezi kusema "programu inaendesha", mtu atauliza inaendesha nini, na kama ni tumbo utaeleweka vibaya kabisa. "Inaendeshwa" inamtafuta mtu, "inaendelea" ni jambo lingine, "inafanya kazi" inamaanisha sio mbovu lakini haisemi kama sasa hivi imewaka au imezimwa. Inarun inasema yote, imewaka, inakwenda, haijakatika. Wanafunzi wangu wakiiandika kwenye insha ya Kiswahili naiwekea mstari kwa sababu msahihishaji wa mtihani ataikata, ila wakiisema darasani siwazuii, na nasubiri kuona kama siku moja wahariri wa kamusi zetu wataiingiza na wataiandika vipi, runi au rani.